Tembûr ya mwanafunzi, kwa anayetaka kupiga nyimbo za Şivan Perwer

Tembûr, ala ya nyuzi ya Wakurdi, ile ya shingo fupi ya kiwango cha mwanafunzi inayotoka kwenye karakana za Uturuki na kuuzwa katika maduka ya ala za muziki Ujerumani, Uholanzi na Sweden, inafaa kununuliwa. Ila usiipige kama ilivyotoka dukani. Mbao zake zinatosha na sauti yake inatosha. Kinachoiangusha ni matayarisho: freti, yaani vile vifundo vya shingoni vinavyogawa sauti, zimefungwa ovyo, daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya tumbo, limewekwa kwa kukisia, nyuzi ziko juu mno. Yote haya yanarekebishika nyumbani kwa mchana mmoja, kwa rula ya chuma, mshipi wa nailoni na sikio lililotulia. Asiyetaka kazi hiyo ni heri aongeze pesa anunue ya fundi, kwa sababu tembûr isiyotayarishwa itamfundisha muziki mwingine kabisa.

Tuanze na kujua unachonunua, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Wakurdi wa Uturuki na wa kaskazini mwa Syria wanaiita tembûr ala ambayo Waturuki wanaiita bağlama au saz. Ina tumbo la mviringo kama peya iliyokatwa katikati, uso wa mbao nyembamba, shingo ndefu au fupi kutegemea aina, na nyuzi saba za chuma. Ukiagiza kwa jina la “tanbur” unaweza kuletewa vitu viwili tofauti. Kimoja ni tanbur ya muziki wa kale wa Istanbul, yenye shingo ndefu kupindukia. Kingine ni tanbur ya Wakurdi wa Kermanshah, upande wa Iran, ala ya ibada ya Yarsan, dini ya baadhi ya Wakurdi: nyepesi, nyuzi mbili au tatu, freti 14, hupigwa kwa vidole bila risha. Hiyo ya mwisho ni ala nzuri sana na ina walimu wake wakubwa, akiwemo Ali Akbar Moradi, lakini nyimbo za Şivan Perwer, mwimbaji wa Kikurdi, hazikai humo. Na ukienda kwa Wakurdi wa Qamishli, Syria, utakuta wengi wanapiga buzuq, ala nyingine ya jamii hii, yenye vigingi vya chuma kama vya gitaa. Basi mwambie muuzaji hivi: shingo fupi, nyuzi saba, freti za kufunga. Akikutumia picha, hesabu freti kabla ya kulipa.

Hesabu hiyo ndiyo kipimo cha kwanza. Gitaa lina freti 12 ndani ya oktavu moja. Tembûr iliyo sawa ina 17. Hizo tano za ziada ni sauti za katikati, zile ambazo piano haina, na ndizo zinazofanya wimbo wa Kikurdi usikike wa Kikurdi. Kwa anayepiga udi wa taarabu hili si geni: sauti ya pili ya bayati, mojawapo ya maqamu (ngazi za sauti), haiko kwenye nusu toni wala kwenye toni kamili, iko kati. Mpiga udi huitafuta kwa kidole, kwa kuwa udi hauna freti. Mpiga tembûr hana uhuru huo. Freti ikishafungwa mahali fulani, sauti ni hiyo hiyo leo na kesho. Ukiona tembûr yenye freti 12 tu kwa oktavu, na siku hizi zinauzwa hasa zile za umeme za jukwaani, iache hapo hapo hata ikipunguzwa bei.

Sasa, kwa nini Şivan Perwer anaingia katika mapitio ya ala? Kwa sababu wengi wanaoingia dukani kununua tembûr Ulaya wanaingia na sauti yake masikioni. Alizaliwa mwaka 1955 upande wa Siverek, mkoa wa Urfa, na mwaka 1976 akakimbia Uturuki kwenda Ujerumani, baada ya nyimbo zake za Kikurdi kumtia matatani. Alikuwa akiimba kwa lugha ambayo sheria namba 2932 ya mwaka 1983 ilikuja kuipiga marufuku waziwazi, hadi ilipofutwa mwaka 1991. Basi alirekodi ugenini, na kaseti zikapenyezwa kurudi nyumbani na kunakiliwa kutoka kaseti hadi kaseti, kila nakala ikiwa na mchakacho zaidi ya ile iliyotangulia. Muziki wenyewe ulikuwa wa vitu viwili, sauti ya mtu na tembûr, na huenda hilo liliusaidia kupona safari hiyo: okestra ingegeuka uji kwenye nakala ya tano, lakini uzi wa chuma unaopigwa kwa risha unapenya mchakacho wowote.

Alichokifanya kwenye ala hii ni kuunganisha mambo mawili yaliyokuwa yakikaa mbalimbali. Dengbêj, mwimba simulizi wa Kikurdi, kwa kawaida huimba bila ala yoyote. Ana pumzi yake, na mstari wake unaweza kuwa mrefu au mfupi atakavyo. Wasikilizaji wengi waliwajua dengbêj kupitia matangazo ya Kikurdi ya Redio Yerevan, huko Armenia, yaliyoanza mwaka 1955. Karapetê Xaço ni mmoja wa sauti za huko zinazokumbukwa hadi leo. Şivan alichukua ule uimbaji wa kifua wazi, akautia ndani ya mapigo ya tembûr, na juu yake akaweka mashairi ya watu kama Cigerxwîn, mshairi aliyefia Stockholm mwaka 1984, ugenini vilevile. Ukisikiliza kwa makini utagundua tembûr yake haifuati kila neno. Anapiga mzunguko mfupi, ananyamaza au anaacha uzi wa juu uvume, anaimba mstari mzima, kisha ala inamjibu. Kwa hiyo ala inayomfaa mwanafunzi wake ni ile yenye uzi unaovuma muda mrefu. Ile yenye ukali wa haraka unaozimika mara moja haimfai, na hili lina maana wakati wa kuchagua mbao.

Tumbo huja kwa aina mbili. La kuchonga hutolewa kwenye gogo moja, mara nyingi mforsadi. Ni zito kidogo, sauti yake ina mwili, na bei yake iko juu. La vipande huunganishwa kwa mbao nyembamba zilizopindwa na kugandishwa ubavu kwa ubavu, na ndilo utakalolikuta kwenye ala ya mwanafunzi. Mbao zake ni mforsadi, mjozi, mahogani, wakati mwingine wenge ya misitu ya Kongo, ile nyeusi yenye mistari. Wenge inapendeza machoni, ila kwenye ala ya bei ya chini mimi ningechagua mforsadi: ni mwepesi na husamehe makosa ya fundi. Uso uwe wa sprusi, mistari ya mbao iwe imenyooka toka juu hadi chini na isiwe mipana sana. Shikilia ala kwenye mwanga na uangalie kutoka ubavuni. Uso wenye afya umeinuka kidogo sana katikati au umelala sawa. Ukiona umebonyea chini ya daraja, ubao ni mwembamba mno au gundi ya ndani imeachia, na hilo halitengenezeki kwa bei inayolingana na ala.

Vigingi vya mbao ni bora kuliko vya mashine kwa uzito, maana kichwa chepesi hakiivuti shingo chini wakati wa kupiga, lakini vinataka kuzoeleka. Vya bei ya chini vina tatizo moja: tundu na kigingi havikuchongwa kwa mteremko mmoja, kwa hiyo kigingi hushika upande mmoja tu. Vitoe kimoja kimoja, uangalie alama za kung’aa. Mng’ao ukiwa duara zima pande zote mbili za tundu, kiko sawa. Ukiwa upande mmoja tu, kitateleza kila siku. Sabuni kavu ya mche pamoja na chaki husaidia: sabuni kwa kinachokwama, chaki kwa kinachoteleza, na kidogo sana. Kisichosaidiwa na hivyo kinamhitaji fundi mwenye kifaa cha kuchongea tundu.

Kutyuni ndiko kunakovunja nyuzi nyingi za wanaoanza, na kosa ni la programu ya simu pamoja na vitabu. Nyuzi saba hukaa katika makundi matatu, na mtyuno wa shingo fupi huandikwa La, Re, Mi, kuanzia kundi la chini (chini na juu hapa ni mahali pa nyuzi ala ikishikwa, siyo kimo cha sauti). Mwanafunzi anafungua programu, anaona La ni hezi 440, anakaza, uzi unakatika. Kwenye urefu wa sm 70 uzi wa chuma wa mm 0.18 hauwezi kufika 440. Mvutano unapita uwezo wa chuma chenyewe. Hiyo La ni jina tu la mahali kwenye noti. Kwa kweli kundi la chini hukaa vizuri kwenye Re ya kati, yaani karibu hezi 294, kundi la kati kwenye Sol, hezi 196, na la juu kwenye La, hezi 220. Mwimbaji mwenye sauti nzito ashushe zote kwa toni moja bila wasiwasi. Kinachotakiwa kubaki ni uhusiano wake: kwa sauti, kundi la kati liko umbali wa tano (kama La hadi Re) chini ya kundi la chini, na la juu liko umbali wa nne (kama La hadi Mi) chini yake.

Na nyuzi zenyewe zikae hivi. Kundi la chini lina tatu: mbili nyembamba za mm 0.18 na moja nene ya kuviringishwa inayolia oktavu moja chini. La kati lina mbili za chuma kitupu, za mm 0.28 au 0.30. La juu lina mbili, nyembamba moja na ya kuviringishwa moja. Seti huuzwa kwa jina la uzi wake mwembamba: ukiomba “0.18” unapewa ya shingo fupi, ukiomba “0.20” unapewa ya shingo ndefu. Kuweka seti ya 0.20 kwenye shingo fupi haivunji ala siku hiyo, ila inaongeza mvutano. Seti ya kawaida peke yake tayari inaivuta shingo kwa zaidi ya kilo 20, na shingo hii kwa kawaida haina chuma cha kurekebisha ndani kama cha gitaa. Ikishapinda, imepinda.

Ndiyo maana unyoofu wa shingo ukaguliwe dukani, kabla ya rangi na nakshi. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho ya shingo kwa wakati mmoja, uzi wenyewe uwe ndiyo rula yako. Katikati pabaki nafasi ndogo ya kupita karatasi nene. Pasipobaki kitu, nyuzi zitagonga freti na kuzizima. Ikiwepo nafasi ya kupita sarafu, shingo imeinama mbele tayari, na itaendelea. Halafu pima kimo cha nyuzi pale shingo inapokutana na tumbo. Milimita 3 hadi 4 zinapigika. Ikizidi 5, kidole kitauma na, kibaya zaidi, kubonyeza kutapandisha sauti kiasi cha kuzivuruga zile sauti za katikati. Kimo kikizidi kidogo unaweza kusaga miguu ya daraja kwa msasa uliolazwa juu ya uso wenyewe, ili miguu ipate umbo la uso. Funika mbao kwa utepe wa karatasi kwanza. Saga nusu milimita, rudisha, pima. Daraja jembamba kupita kiasi linapoteza sauti, na hilo huwezi kulirudishia unga wake.

Daraja la tembûr halijagandishwa. Limeshikiliwa na nyuzi tu, jambo linalomshangaza anayetoka kwenye udi, ambako daraja ni la gundi. Faida yake ni kwamba unaweza kulisogeza. Hasara ni kwamba duka au mbeba mizigo naye amelisogeza. Gusa uzi mwembamba kwa wepesi katikati kabisa ya urefu wake upate ile sauti ya filimbi, kisha ubonyeze freti ya oktavu na ulinganishe. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lilete mbele. Robo milimita kwa mara, na nyuzi zilegezwe kidogo kwanza. Ukimaliza weka alama mbili ndogo za penseli pembeni ya miguu. Na usibadilishe nyuzi zote kwa pamoja, daraja litaanguka na kazi ianze upya.

Sasa freti, ambako ndiko kazi yenyewe iliko. Freti za tembûr ni mshipi wa nailoni wa kuvulia, unene wa mm 0.8 au 0.9, uliozungushwa shingoni mara tatu au nne na kufungwa kwa nyuma. Hazijapigiliwa. Zinasogea kwa kidole gumba, na safari ya lori kutoka karakana hadi dukani inatosha kuzisogeza. Pima urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu, kile kijiti chenye mifereji karibu na vigingi, hadi kwenye daraja. Tuseme ni mm 700 kamili. Freti ya nusu toni ya kwanza iwe karibu mm 39 kutoka kwenye kizingiti (majina yanayofuata ni hatua za ngazi ya sauti, siyo namba za freti). Ya toni nzima, mm 76. Ya tatu ndogo, mm 111. Ya nne, mm 176. Ya tano, mm 233. Ya oktavu, mm 350. Urefu wako ukiwa tofauti, ugawanye kwa 700, kisha uzidishe kila kipimo kwa jibu hilo. Zote zisogezwe kuelekea kizingiti kwa unywele mmoja, kwa kuwa kubonyeza uzi kunauvuta na kupandisha sauti.

Iliyobaki ni ile ya katikati, kati ya mm 39 na 76. Hii ndiyo sauti ya pili ya maqamu ya uşşak na hüseynî, ndugu wa bayati, na nyimbo nyingi za Kurmanji, lahaja ya Kikurdi anayoimbia Şivan, zinakaa juu yake. Karakana nyingi huiweka mm 61 hivi, kwa kufuata hesabu ya vitabu vya Uturuki, ambavyo hugawa toni moja mara tisa na kuiweka sauti hii mbili chini ya toni nzima. Kwenye programu ya simu hiyo itasoma senti 40 (nusu toni moja ni senti 100) chini ya toni kamili. Ipige hivyo pamoja na rekodi ya zamani ya Şivan au ya dengbêj yeyote, mara nyingi utasikia ala iko juu kidogo na mwimbaji yuko chini yake. Isogeze hadi mm 58, pale inaposoma senti 50 chini, usikilize tena. Baadhi ya nyimbo zinataka hata chini ya hapo, mm 55, hasa mstari unaposhuka kumalizikia sauti ya kwanza, maana waimbaji huilegeza sauti ya pili wanapoteremka. Freti haiwezi kuwa mahali pawili. Chagua palipo karibu na nyimbo unazozipiga zaidi, na tofauti iliyobaki uifanye kwa kidole, kwa kuuvuta uzi pembeni kidogo ili upande. Kwa sababu hiyo ni afadhali freti ikae chini kuliko juu: kupandisha kwa kidole kunawezekana, kushusha hakuwezekani.

Kuna karakana zinazodondosha gundi ya papo hapo kwenye fundo la nyuma ili freti zisitembee. Mnunuzi anadhani ni ubora. Ni kero, kwa sababu freti iliyogandishwa mahali pabaya lazima ikatwe. Kufunga mpya si kazi ngumu: kata sm 50 za mshipi, tengeneza kitanzi, zungusha mara nne mizunguko ikae sambamba bila kupandana, pitisha ncha ndani ya kitanzi, kaza kwa koleo, kata, kisha uguse ncha kwa moto wa kiberiti ipate kichwa kidogo. Moto ukikaa muda mrefu rangi ya shingo inaungua. Mizunguko ikipandana utasikia mlio wa nyuki kila ukibonyeza hapo, na hakuna dawa ila kufungua na kuanza tena.

Nimekaa sana kwenye freti moja kwa makusudi. Mtoto wa Kikurdi anayekulia Duisburg au Stockholm anasikia piano shuleni, gitaa kwa jirani, na tembûr nyumbani. Ikiwa ile freti ya katikati imesogezwa kwenye sauti za piano, kama wafanyavyo baadhi ya wapigaji ili waendane na kinanda cha umeme harusini, mtoto atajifunza wimbo ulionyooshwa, na siku atakaposikia rekodi ya miaka ya 70 atadhani mzee anaimba nje ya sauti. Hakuna taasisi itakayolirekebisha sikio hilo kwa urahisi. Wapo wanaoonyesha njia nyingine. Hawniyaz, kundi lililotoa albamu yake kwa kampuni ya rekodi ya Harmonia Mundi mwaka 2016, lina mwimbaji Aynur, kamanche (ala ya kupigwa kwa upinde) ya Kayhan Kalhor, tembûr ya Cemil Qoçgiri aliyezaliwa Ujerumani, na piano ya Salman Gambarov. Piano na tembûr chumba kimoja. Sikiliza jinsi wanavyopisha: piano inajiondoa au inabaki kwenye sauti za pamoja pale kamanche na mwimbaji wanapoingia katikati. Ni somo bora kwa anayedhani lazima freti zihamishwe ili kupatana na Ulaya.

Risha inayokuja mkobani kwa kawaida ni nene na ngumu. Itupe. Zamani walikata gome la mcheri. Leo ni plastiki, ndefu kama kidole cha kati, na ncha yake inatakiwa iweze kukunjwa kwa kidole bila nguvu. Ile ngumu inaupiga uso wa ala na kuacha mikwaruzo, na inaziamsha nyuzi tatu za kundi la chini kwa kishindo badala ya kuzipitia. Mkoba nao ni kitambaa tu chenye sponji nyembamba. Unafaa kwa basi, haufai kwa ndege. Kwa safari ya ndege legeza nyuzi zote kwa toni moja au mbili, zisilegee kabisa, maana daraja litahama, na uweke kitambaa laini chini ya nyuzi pande zote mbili za daraja.

Hali ya hewa ndiyo inayoua tembûr nyingi ugenini, na wauzaji hawaisemi. Ala inataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Nyumba ya Sweden mwezi wa Januari, yenye joto la bomba mchana na usiku, inashuka chini ya 30, na uso wa sprusi unasinyaa hadi kupata ufa, kwa kawaida kutoka kwenye daraja kwenda chini. Dalili za mwanzo ni vigingi kuteleza ghafla na nyuzi kushuka kimo bila kuguswa. Kipima unyevu kidogo cha bei rahisi, kasha lililofungwa, na sponji lenye maji ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa vinatosha kuiokoa. Kwa atakayeipeleka Zanzibar au Mombasa tatizo linageuka: uso unavimba, nyuzi zinapanda, vigingi vinakwama tunduni, nyuzi nyembamba zinapata kutu ndani ya wiki chache. Huko zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, ala isiachwe ukutani kwenye upepo wa bahari, na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu ndani ya kasha, vikaushwe mara kwa mara. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi pale Zanzibar kina watu wanaoishi na matatizo hayo hayo kwa udi na kanuni, na mafundi wao wanaelewa gundi inayoyeyuka kwa unyevu kuliko duka lolote la Ulaya.

Kuhusu bei: Ujerumani ala ya mwanafunzi hupatikana hata chini ya yuro 200, ya fundi huanzia mamia kadhaa na kupanda. Tofauti yake iko kwenye uso wa ala, kwenye vigingi na kwenye shingo iliyokaushwa miaka, siyo kwenye nakshi za lulu. Kati ya ala yenye nakshi na ile isiyo nayo kwa bei ileile, chukua isiyo nayo. Kati ya yenye kifaa cha umeme ndani na isiyo nacho, chukua isiyo nacho pia. Kifaa cha bei rahisi kinatobolewa tundu ubavuni mwa tumbo, na maikrofoni ya kawaida iliyowekwa sm 30 mbele ya mahali shingo inapokutana na tumbo inatoa sauti nzuri zaidi.

Udhaifu ambao matayarisho hayauondoi upo. Uzi wa kuviringishwa wa kundi la juu ni hafifu kwenye tumbo la vipande la sm 38, kwa hiyo ule mvumo mzito unaosikika nyuma ya sauti ya Şivan hautaupata wote. Tumbo la sm 40 au 42 linasaidia, ila mtoto chini ya miaka kumi hatalifikia vizuri. Freti za mbao zilizogandishwa juu ya uso, zile za juu kabisa, karibu zote zimewekwa kwa kukisia. Nyimbo za aina hii haziendi huko mara nyingi, kwa hiyo ziache. Na nyuzi zinazokuja na ala zibadilishwe siku ya kwanza, kisha uitune kila baada ya robo saa kwa saa mbili za mwanzo, maana uzi mpya wa mm 0.18 unaendelea kunyooka. Agiza seti mbili pamoja na ziada ya nyuzi nyembamba tano. Hizo ndizo zinazokatika, na maduka mengi huziuza moja moja.